Daftari la Mapishi na Yale Yasiyoandikwa Ndani Yake

Katika baadhi ya nyumba za Lubumbashi, daftari la mapishi, ambalo wengi huliita kaye, ni mali ya urithi. Jalada limelegea, kurasa zina madoa ya mafuta. Bibi alimwachia mama, naye mama akamwachia binti yake. Chanzo kimoja cha madaftari hayo ni mafunzo ya foyers sociaux, vituo ambamo, kabla ya uhuru wa 1960, wake na binti za wafanyakazi walifundishwa kupika, kushona na kutunza nyumba. Union Minière nayo ilikuwa na vituo vyake kambini.

Alifunuaye daftari la namna hiyo hukuta keki, supu na michuzi ya Kizungu, yote kwa Kifaransa, pamoja na gramu na dakika zake. Bukari haimo. Sombe haimo pia. Sababu si ngumu: nani angeandika kile ambacho kila mtoto alikijua? Mtoto aliketi karibu na mbabula, akatumwa maji, akashikishwa mchi, hata siku moja akaachiwa mwiko. Daftari lilihifadhi mageni. Ya nyumbani yalikabidhiwa kumbukumbu.

Kumbukumbu hiyo ina lugha yake, na utajiri wake umo katika vitenzi. Chungu huinjikwa, kisha huepuliwa. Nafaka hutwangwa na kupepetwa, unga huchekechwa. Uji hukorogwa, bali ugali husongwa, na anayekoroga panapotakiwa kusonga atakula madonge. Bukari yenyewe ina undugu na ubwali wa Kibemba. Na mtoto wa Lubumbashi asemaye byakula mahali pa vyakula hakukosea, asema lugha ya jikoni mwao. Pierre Petit alilipa neno hilo heshima yake alipokiita Byakula kitabu chake cha 2004 juu ya ulaji wa mji huo.

Vitenzi hivyo si pambo. Majani ya muhogo yana sumu ya asili. Yatwangwapo, vimeng'enya vya jani huivunja sumu hiyo, nayo sianidi hutoka. Kuyachemsha kwa muda mrefu huifukuza. Mama hakutaja sianidi kamwe. Alisema tu kwamba sombe haijalainika, mtoto aendelee kutwanga.

Gharama ya kufupisha hatua moja ilionekana magharibi mwa nchi, nje ya eneo la Kiswahili. Konzo, ugonjwa ulioelezwa na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938 huko Kwango, hupoozesha miguu kwa ghafla, na kilema chake hakiponi. Jina lake ni la Kiyaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Katika miaka ya 1980, barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa na muhogo ukawa bidhaa ya haraka, wanawake wa Bandundu walipunguza muda wa kuloweka mihogo michungu, kutoka siku tatu hadi moja. Hawakuwa wamesahau. Soko liliwaharakisha, na chakula chenye protini kilikuwa haba. Waliopooza zaidi walikuwa watoto na wanawake wenyewe. Baadaye konzo iliripotiwa pia Kivu ya Kusini, kati ya watu wanaotumia Kiswahili.

Basi mwanafunzi anayetaka kuandika mapishi ya bibi yake asianze na mizani. Akiuliza muhogo hulowekwa saa ngapi, huenda bibi akamjibu kwamba hulowekwa mpaka ubonyee kwa kidole. Hilo liandikwe kama lilivyo, kwa kitenzi alichokitumia bibi, hata kikiwa hakimo katika kamusi yoyote; na pembeni ziongezwe siku ambazo mwanafunzi mwenyewe amezihesabu, masika na kiangazi, kwa maana maji ya baridi huchelewesha kulainika.