Je, Wajua? Usui Iliwahi Kutoza Hongo Wazungu

Mwaka 1861 John Hanning Speke, akitafuta chanzo cha Nile, alikwama siku nyingi Usui, nchi iliyoenea katika Biharamulo na Ngara za leo. Hakupita mpaka mfalme Suwarora alipolipwa hongo, yaani ushuru wa njia: nyaya na shanga.

Kwa nini nguvu hiyo ilififia?

• Mgawanyiko: Usui ilipasuka, Rusubi upande wa Biharamulo, Bushubi upande wa Ngara.

• Sotoka: Miaka ya 1890 ugonjwa huu ulifyeka ng'ombe. Mtawala asiye na ng'ombe wa kugawa, nani atamtii?

• Ukoloni: Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alivuka mto Kagera pale Rusumo. Baadaye watawala wa Usui wakageuzwa watoza kodi wa wakoloni.

Mwaka 1963 Tanganyika ikafuta uchifu kisheria.