Sindano ya Urembo si Kipodozi

Kolajeni ni protini inayoipa ngozi uimara wake. Ile inayotumika viwandani hutolewa zaidi katika ngozi na mifupa ya mifugo, ng'ombe wakiwemo, ambao mkazi wa Chanika, Handeni, hana haja ya kuelezwa habari zao. Mwili hujitengenezea kolajeni wenyewe kwa msaada wa vitamini C, iliyomo katika machungwa, ila uwezo huo hupungua kadiri umri unavyosonga.

Hospitalini, kolajeni hutumika kufunika vidonda. Kwa upande wa urembo, Marekani iliidhinisha sindano ya kolajeni ya ng'ombe mwaka 1981, kwa sharti la kumpima mtu kwanza mkononi, kwani takribani watu 3 katika kila 100 walipata mzio. Krimu ya kolajeni haina makali hayo. Molekuli zake ni kubwa mno kupenya ngozi, hivyo hulainisha juu tu.

Tangu Julai 2019, vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na dawa na vifaa tiba vinasimamiwa na TMDA. Kichupa cha sindano kinachouzwa katika duka la vipodozi, glutathioni ya kung'arisha ngozi ikiwemo, kiko mahali pasipo pake.

Dawa ya kujaza mikunjo ikiingia katika mshipa wa damu huweza kuuziba, ngozi ikafa au jicho likapofuka. Aliyechomwa sindano hiyo usoni akaona ngozi inapauka, maumivu yanazidi au macho yanafifia, awahishwe hospitalini mara moja, pamoja na kichupa kilichotumika.