Picha za Nyuso Katika Gemu za Mtindo wa Zamani: Kijana Aziweke au Aziache?

 

Mzazi mmoja wa hapa Unguja ametuletea suala linalowagawa nyumbani kwake. Kijana wake anatengeneza gemu ya simu kwa mtindo wa zamani, ule wa michoro ya nukta za mraba ambazo mafundi huziita pikseli. Ni gemu ya nahodha anayesafirisha karafuu kwa jahazi kutoka Pemba. Mwenzake katika kazi hiyo amepata mtu wa kuilipia, na anataka kila mhusika anapozungumza itokee picha kubwa ya uso wake pembeni mwa maneno. Kijana amesita. Baba amesema gemu yote ifutwe. Mama anasema mwanawe amekesha miezi juu ya kazi hiyo, na anauliza kama kweli hakuna njia. Wanataka jibu kabla ya mkataba kutiwa saini.

Kwanza tufahamu kinachoulizwa, kwani hukumu hufuata picha ya jambo lenyewe. Katika gemu ya Donkey Kong ya mwaka 1981, yule mtu mdogo aliyekuja kuitwa Mario alikuwa na nafasi ya takriban nukta 16 kwa 16. Mbunifu wake, Shigeru Miyamoto, ameeleza kuwa alimvisha kofia ili asihangaike kuchora nywele, na akampa masharubu ili pua ionekane. Nafasi ya uso haikuwepo. Baadaye mashine zilipopata nguvu, gemu za hadithi zikaanza kuweka picha za nyuso kando ya maneno, na wanaotengeneza gemu za mtindo wa zamani leo wameirithi desturi hiyo. Mfano ni Stardew Valley ya mwaka 2016, iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone. Humo mtu anayetembea ana upana wa nukta 16 na urefu wa 32, lakini picha yake ya mazungumzo ni nukta 64 kwa 64. Yaani uso peke yake umepewa nafasi mara nane ya mwili mzima, ili ucheke, ununune na ulie. Kwa hiyo baba na mama wote wawili wanazungumzia "picha", lakini ni vitu viwili tofauti.

Ama hukumu, makemeo ya kuchora viumbe vyenye roho yamethibiti. Katika Al-Bukhaariy na Muslim imepokelewa kuwa watengeneza picha wataambiwa Siku ya Qiyaamah wavipe uhai walivyoviumba, na kwamba Malaika hawaingii nyumba yenye picha. Imethibiti pia kuwa 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) alikuwa na pazia lenye picha, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) akalichukia, nalo likakatwa likafanywa mito. Na imethibiti vilevile kuwa alikuwa akicheza na wanasesere wake, naye Mtume hakumkataza.

Kutokana na dalili hizi Maulamaa wamekhitilafiana. Imaam An-Nawawiy, ambaye vitabu vyake vinasomeshwa katika madrasa zetu, yumo katika wenye msimamo mkali: kuchora chenye roho ni haramu, kiwe na kivuli au kisiwe nacho. Al-Qaasim bin Muhammad, mjukuu wa Abu Bakr na mmoja wa Mafaqihi saba wa Madiynah, amenukuliwa akiruhusu kisicho na kivuli. Wanazuoni wengi wa Maalikiy wameuona mchoro bapa kuwa ni makruuh, na wapo wa zama zetu waliochukua wepesi huo. Haifai basi kumwita mtu fasiki kwa kuwa amefuata kauli ya Mwanachuoni anayetegemewa.

Lakini sisi tunavutwa zaidi na jambo moja. Katika Hadiyth ya Abu Hurayrah (Radhwiya Allaahu 'anhu) iliyomo katika Abu Daawuud na At-Tirmidhiy, Jibriyl ('alayhis-salaam) aliagiza kichwa cha sanamu kikatwe ili ibaki kama umbo la mti. Na Ibn 'Abbaas (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) amenukuliwa kuwa picha hasa ni kichwa. Kikiondoka, hukumu ya picha huondoka. Sasa hiyo picha ya mazungumzo ni kitu gani kama si kichwa, tena chenye macho yanayomtazama mchezaji? Katika gemu nzima hakuna sehemu iliyo karibu zaidi na makatazo kuliko hiyo.

Kwa hivyo tunaona kijana asiweke picha za nyuso. Kuhusu kile kiumbo kidogo kinachotembea, jambo lake ni jepesi zaidi, na asikitie macho wala mdomo. Shaykh Ibn 'Uthaymiyn alipoulizwa juu ya wanasesere wa pamba wasio na sura bayana hakuona tatizo, na kiumbo hiki kinafanana nao. Hata hivyo, nahodha yumo ndani ya jahazi. Kwa nini mchezaji asiendeshe jahazi lenyewe, tanga likaonekana na mtu asionekane?

Pembeni mwa maneno aweke jina la msemaji na kitu chake: pakacha la karafuu kwa mkulima, keekee kwa fundi wa jahazi, kipande cha kanga kwa bibi mwenye nyumba. Hasira na furaha zibebwe na maneno yenyewe, Kiswahili chetu hakijapungukiwa. Mafundi wa milango ya Mji Mkongwe walichonga maua na minyororo, na kazi yao haikuhitaji uso wa mtu (ingawa samaki wamo, tusiwasifu kupita kiasi).

Kwa baba tunasema: usifute kazi ya mwanao. Mtu mmoja alimjia Ibn 'Abbaas akasema maisha yake yanategemea kutengeneza picha. Alipomsikilizisha makemeo, yule mtu aliingiwa na khofu mpaka akabadilika rangi. Ibn 'Abbaas akamwelekeza, ikiwa hana budi, achore miti na visivyo na roho. Hakumwambia auache ufundi wake.

Kijana naye amweleze mwenzake sasa, kabla ya saini, kwani ahadi ikishafungwa hutakiwa kutekelezwa, na kuivunja baadaye ni tabu nyengine. Mwenzake akishikilia nyuso na kijana anaamini ni haramu, asizichore yeye wala asizilipishe. Na nyuso za Mitume haziingii kabisa katika khitilafu tuliyoitaja. Hizo hazichorwi kwa mtindo wowote.

Zile ambazo ameshazichora kwa majaribio azifute. Hana kafara juu yake, wala malipo aliyokwishapokea kwa kuchora bahari, visiwa na mikarafuu hayana tatizo.

Wa Allaahu A'lam.