Injini Haichoki, Pembeni Kunaoza

Anayenunua pikipiki iliyotumika huinama kwanza kusoma kilomita. Kwa Honda ST1100, iliyouzwa Ulaya kwa jina la Pan European kuanzia mwaka 1990 hadi 2002, namba hiyo haina mengi ya kumwambia. Injini ya cc 1,084 iliyotunzwa hupita kilomita 150,000 bila kufunguliwa. Polisi wa Uingereza waliiendesha, na matarishi wa London waliitumia kutwa nzima, mvua na jua. Inayozeeka ni sehemu inayoizunguka injini hiyo.

Silinda zake 4 zimepangwa kwa umbo la V, mbili zikichomoza kulia na mbili kushoto, na krankishafti imelala kufuata urefu wa pikipiki. Nguvu inakwenda nyuma kupitia shafti na kugeuka mara moja tu, gurudumuni. Hakuna cheni ya kukaza wala kupaka oili. Tangi la lita 28 limewekwa chini ya kiti, kwa hiyo uzito unakaa chini na mashine ya zaidi ya kilo 300 huingia kwenye kona kwa wepesi usioutarajia. Ikisimama ni habari nyingine: ikishaanza kulala upande, mtu mmoja haizuii. Honda waliweka mbawa za kinga ubavuni, na mikwaruzo juu ya mbawa hizo isimtishe mnunuzi.

Cha kuogopa ni meno yanayounganisha gurudumu la nyuma na gia ya mwisho. Yanataka grisi nzito yenye molibdenamu kila gurudumu linapotolewa, yaani kila tairi linapobadilishwa. Fundi mwenye haraka huruka hatua hiyo, na hakuna taa itakayowaka kumshtaki. Meno makavu hulana polepole mpaka yachongoke, halafu siku moja injini inanguruma na pikipiki haiendi. Muuzaji asiyetaka gurudumu litolewe likaguliwe amekwisha kujibu swali.

Ukilitoa, tazama pia mkono wa chuma unaolishika. Barabara za Uingereza humwagiwa chumvi majira ya baridi, na chumvi hiyo hujibanza penye maungio ya kulehemu karibu na ekzosi. Rangi inaweza kung'aa ilhali ndani chuma kimekuwa unga. Bisibisi hutoa jibu: gonga, bonyeza, sikiliza.

Umeme nao una historia yake. Matoleo ya awali yalikuwa na altaneta ya ampea 28 inayopozwa kwa oili ya injini. Kuanzia 1996 ikaja ya ampea 40 inayopozwa kwa hewa. Ile ya kwanza hulemewa mwendeshaji anapoongeza taa, vishikio vya moto na koti la umeme, na kuibadilisha ni kubomoa nusu ya nyuma ya pikipiki. Kipimo cha volti ni cha bei ndogo. Betri iliyojaa ikiwa imetulia huonyesha takriban volti 12.6, injini ikizungushwa kwa kasi ya wastani inapaswa kukaribia 14. Ikibaki chini ya 13, bei ishuke sana au safari iishie hapo.

Vali, kwa mshangao wa wengi, hazisumbui. Vichwa vya silinda viko nje pembeni, fundi anavifikia akiwa ameketi kwenye kigoda. Usumbufu uko katikati ya ile V, chini ya kabureta, palipojificha mipira ya maji ya kupozea. Asubuhi ya baridi huvuja kidogo, injini ikipata moto huziba, na mwenye pikipiki huapa kwamba haivuji. Kabureta zikishatolewa, ni ujinga kubadilisha mpira mmoja na kuiacha mingine ya umri uleule.

Zenye ABS za kuanzia 1996 zina breki zilizounganishwa: breki ya mkono na ya mguu kila moja hugusa magurudumu yote mawili. Zinapendeza barabarani, lakini kutoa hewa kwenye mabomba yake kuna mpangilio maalumu ulioandikwa kwenye kitabu cha ufundi, na pistoni za pikipiki iliyolala miaka hunata. Iweke kwenye stendi ya kati, kanyaga breki, achia, kisha zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Likigoma, omba punguzo linalotosha kufungua breki zote, za mbele na za nyuma.