Lubumbashi: Simu inapokataa waya wa sokoni

Pembeni ya soko Mzee Kabila, katikati ya mji wa Lubumbashi, nyaya za kuchajia simu zinauzwa kwenye meza kwa mafungu: nyeupe, nyeusi, fupi, ndefu. Mnunuzi mwerevu hulipa baada ya kujaribu. Mara nyingine simu inapokea umeme bila shida. Mara nyingine, hasa ikiwa ni iPhone, kioo kinaonyesha onyo kwamba kifaa hicho hakijaidhinishwa na huenda kisifanye kazi vizuri. Hapo bei inajadiliwa upya, ama waya unarudishwa mezani.

Onyo hilo halitoki kwa muuzaji, wala halihusiani na umeme wa SNEL. Limewekwa na kompanyi iliyotengeneza simu. Linamlinda mwenye simu, ama linalinda biashara ya kompanyi? Ukweli ni kwamba linafanya yote mawili, na anayenunua kwa pesa ndogo anahitaji kujua tofauti.

Chipu ndani ya waya

Mambo yalianza Septemba 2012, Apple ilipotoa iPhone 5 yenye tundu jipya la Lightning. Ndani ya kichwa cha waya wake kuna chipu ndogo inayojitambulisha kwa simu. Kompanyi nyingine ikitaka kutengeneza waya kama huo kwa njia halali, sharti iingie katika mpango wa leseni wa Apple. Mwaka uliofuata, programu ya iOS 7 ilianza kuonya kila ilipokuta waya usioidhinishwa.

Watengenezaji wa simu za Android nao wana njia yao. Nyingi kati ya simu zinazochaji haraka hupunguza mwendo zikipewa chaja ama waya wa kompanyi nyingine. Simu inachaji, lakini polepole. Penye delestaji, ambapo umeme unaweza kuja kwa saa chache tu, tofauti hiyo si ndogo.

Hatari ya kweli iko wapi

Kompanyi hazisemi uongo zinapotaja usalama. Mwaka 2016, maabara ya UL ya Marekani ilipima chaja bandia 400 zilizoigwa za iPhone. Tatu tu ndizo zilizofaulu. Nyingine 12 zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kumuua mtu kwa umeme.

Lakini angalia vizuri: vilivyopimwa ni vichwa vya chaja, vile vinavyochomekwa ukutani na kupokea umeme mkali. Waya wa kopi una shida nyingine. Mtengenezaji hupunguza shaba ndani yake ili aokoe pesa, kwa hiyo waya unapata moto na kuharibika upesi. Hapa Lubumbashi, mji uliojengwa juu ya shaba, mtu anaweza kununua waya ambao karibu hauna shaba.

Onyo la simu halipimi unene wa shaba. Linauliza tu kama chipu inatambulika. Waya mzuri usio na leseni unaweza kukataliwa, na waya mbaya wenye chipu iliyoigwa vizuri ukakubaliwa.

Ulaya yaingilia kati

Tarehe 4 Oktoba 2022, Bunge la Ulaya lilipitisha sheria ya chaja moja kwa kura 602 dhidi ya 13. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, kila simu mpya inayouzwa katika Umoja wa Ulaya na kuchajiwa kwa waya sharti iwe na tundu la USB-C. Apple ilikuwa imekwisha kubadilisha tundu lake katika iPhone 15, Septemba 2023.

Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya Kongo, lakini inatufikia, maana simu hizo hizo zinauzwa huku. Hata hivyo, iPhone nyingi zinazouzwa mjini ni zile zilizokwisha kutumika ng'ambo, kwa hiyo Lightning itabaki mezani kwa miaka mingine.

Kufuli limehamia ndani ya simu

Wakati tundu linafunguka, vipande vya ndani vimefungwa. Mwaka 2018, baada ya iOS 11.3, iPhone 8 kadhaa zilizobadilishwa kioo kwa kipande kisicho cha Apple ziliacha kusikia kidole. Apple ilirekebisha mwezi Aprili kwa toleo la 11.3.1. Mwaka 2019, simu zake zilianza kuonya pia kuhusu batri, hata batri ikiwa orijinali, mradi tu fundi aliyeiweka hana idhini.

Hilo linauma zaidi hapa. Batri hizo hutumia kobalti, na zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Lakini fundi wa Katuba ama wa Kenya akiweka batri katika simu ya jirani yake, simu inamwambia mwenyewe asimwamini.

Kwingine sheria zimeanza kujibu. Jimbo la Oregon, Marekani, lilikataza mwaka 2024 kufungia vipande kwa namna hiyo, kwa simu zinazouzwa tangu Januari 2025. Apple yenyewe ilianza mwaka huo wa 2024 kukubali vipande orijinali vilivyotolewa katika simu nyingine, kuanzia iPhone 15.

Cha kufanya sokoni

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja kizuri, nunua kichwa cha chaja, kisha waya. Chaja nyepesi mno, ama inayochoma mkono, iache. Jaribu waya kwa dakika kadhaa kabla ya kulipa, na ushike kichwa chake kuona kama kinapata moto. Ukibadilisha kioo ama batri, mwombe fundi awashe simu mbele yako na akueleze kila onyo linalotokea. Fundi mwaminifu atakuambia kabla hajafungua simu kwamba onyo litakuja, na kama kipande chake ni orijinali ama kopi. Bei mpatane baada ya hapo.