Umeuza mapema, bei ikapanda? Linda usingizi wako

Mwezi uliopita mama mmoja wa Gongoni, hapa Tabora, aliniletea mwanawe wa miaka 23. "Daktari, huyu halali," alisema. Kijana alikuwa na maumivu ya kichwa, moyo ulimwenda mbio na nguo zilianza kumpwaya. Vipimo vya malaria na damu havikuonyesha tatizo.

Nilipomuuliza usiku anafanya nini, aliinamisha kichwa. Anafanya biashara ya foreksi kwa simu. Soko la fedha za kigeni halifungwi usiku wala mchana, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na yeye alikuwa macho nalo. Siku moja alitoka na faida ya shilingi 8,000, kisha akaitazama bei ikiendelea kupanda bila yeye. Akajiapiza hatatoka mapema tena. Safari iliyofuata bei ilishuka, akangoja igeuke, hadi shilingi 300,000 zikaisha. Zilikuwa ada ya chuo.

Mama aliguna. "Ndiyo kama mimi na karanga zangu." Aliuza magunia yote mara baada ya mavuno, na miezi michache baadaye bei ikapanda. Mpaka leo akipita sokoni huuliza bei, kisha hurudi nyumbani na hasira.

Nikampima presha: 168 kwa 102. Na dawa? "Niliacha, mama. Nilijisikia nimepona."

Hawa wawili si wajinga. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi hicho hicho inavyomfurahisha. Ndiyo maana tukiwa na faida tunaikimbilia isije ikapotea, na tukiwa na hasara tunaing'ang'ania ili tusikiri kushindwa. Mwaka 1998 mtafiti Terrance Odean alichunguza akaunti 10,000 za wanunuzi wa hisa wa Marekani, akakuta tabia hiyo hiyo: hisa zenye faida ziliuzwa upesi, zenye hasara zikashikiliwa. Kwa wastani, zile zilizouzwa ndizo zilizofanya vizuri zaidi baadaye.

Majuto ya namna hii huugusa mwili. Ubongo huyachukua kama hatari, na homoni za msongo humwagika kwenye damu. Moyo hupiga haraka, presha hupanda, tumbo huchafuka, usingizi hukimbia. Mwanga wa simu kitandani huongeza tatizo. Na mtu asiyelala huamua vibaya zaidi kesho yake.

Fanya haya:

Kwanza, amua utatoka lini kabla hujaingia. Andika kwenye daftari bei ya kuuza na hasara ya mwisho utakayokubali, na mwonyeshe mtu unayemwamini.

Pili, ada, chakula na fedha za dawa zisiguswe.

Tatu, ukishauza, acha kufuatilia bei ya ulichouza. Simu ilale chumba kingine.

Nne, mwenye mazao anaweza kuuza kwa mafungu. Lakini anayengoja bei ahifadhi karanga zilizokauka vizuri, mahali pakavu, juu ya vichanja. Kwenye unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa na huharibu ini. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga zenye ukungu usiziuze, wala usiwape watoto.

Tano, usiache dawa ya presha kwa sababu umejisikia nafuu. Presha nyingi hazina dalili, na huo unafuu huenda ni kazi ya dawa yenyewe. Mwenye kuamua kuipunguza ni daktari wako, baada ya vipimo.

Mzazi, ukiona mwanao halali, anaficha simu, anakopa kopa au amejitenga, muulize kwa upole. Kumcheka au kumtukana humfanya afiche zaidi, na hukopa tena ili arudishe kilichopotea. Huzuni ikizidi wiki mbili, mlete kituo cha afya. Akisema hataki kuishi, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki hii walirudi. Mama anameza dawa, na presha yake imeshuka hadi 146 kwa 92. Bado tuna kazi. Kijana analala saa sita. Ameniambia ukweli kwamba foreksi hajaiacha kabisa, ila simu sasa inalala kwa mama. Ada wamekubaliana kuilipa kidogo kidogo, na shilingi 300,000 wamekubaliana kutozitafuta tena.