Umejifunza data lakini huna kazi ya kuonyesha? Anza na visima vya Tanzania

Umemaliza kozi ya uchambuzi wa data. Cheti unacho, na picha yake umeshaiweka status. Siku ya usaili unaulizwa swali moja tu: "Tuonyeshe kitu ulichokifanya mwenyewe."

Unafungua kompyuta na kuwaonyesha Titanic.

Anayekusaili anatabasamu kidogo. Watu kumi waliokutangulia nao walimwonyesha Titanic.

Hapo ndipo vijana wengi wanaojifunza data hukwama. Hesabu wanazijua, programu wanazijua, ila hawajui watoe wapi data nzuri ya kufanyia kazi yao wenyewe. Habari njema ni kwamba data ipo, tena ya bure, na nyingine inahusu vijiji na masoko unayoyajua.

Kwa nini kila mtu anaishia Titanic?

Kwa sababu ni rahisi kuipata. Faili la kujifunzia lililopo kwenye tovuti ya Kaggle lina abiria 891 wa meli iliyozama mwaka 1912, na kazi yako ni kukisia nani alipona na nani alikufa.

Lingine maarufu ni la maua aina ya Iris. Lina maua 150 tu, na lilipata umaarufu kupitia makala ya Ronald Fisher ya mwaka 1936.

Ni mafaili mazuri kwa wiki ya kwanza. Lakini majibu yake yamejaa mtandaoni, hivyo ukiyatumia kama kazi yako, hakuna atakayejua umefikiri au umenakili.

Kitu cha pili ni kwamba hapo huna cha kuongeza. Wewe wa Mbeya au Mombasa utajua nini kuhusu meli ile ambacho wengine hawakijui?

Data ya visima inayotumika dunia nzima

Sasa hili wengi hawalijui. Moja ya mafaili yanayotumiwa sana na wanaojifunza data duniani ni la vituo vya kuchotea maji vya Tanzania. Liko kwenye tovuti ya mashindano ya DrivenData, na data yake inatokana na Wizara ya Maji ya Tanzania na mradi wa Taarifa.

Faili la kujifunzia lina mistari 59,400. Kila mstari ni kituo kimoja: kiko mkoa gani, wilaya gani, nani alitoa fedha, nani alijenga, pampu ni ya aina gani, maji yana ladha gani, watu wanalipaje.

Kisha kuna jibu. Vituo 32,259 vilikuwa vinafanya kazi, 22,824 vilikuwa havifanyi kazi, na 4,317 vilikuwa vinafanya kazi lakini vinahitaji matengenezo.

Kazi yako ni kukisia hali ya kituo kutokana na taarifa zake. Nyuma ya kila mstari kuna mtu mwenye ndoo. Kituo kikifa, anatembea mbali zaidi.

Unachokiona wewe, wengine hawakioni

Fungua safu ya majina ya vituo. Utakuta Shuleni, Zahanati, Msikitini, Kanisani, Sokoni.

Mtu asiyejua Kiswahili anaona herufi tu. Wengi huifuta safu hiyo kwa sababu ina maelfu ya majina tofauti na hawajui wafanye nayo nini. Wewe unaisoma kama kibao cha barabarani. Unaweza kuuliza: je, bomba la zahanati linadumu kuliko la sokoni? Swali hilo linatoka kichwani mwako, halipo kwenye kozi.

Kuna safu nyingine inaitwa amount_tsh. Mtanzania yeyote akiona "tsh" anasoma shilingi. Kumbe maelezo yaliyoambatana na faili yanasema ni kipimo cha maji yanayopatikana kwenye kituo, hakihusiani na fedha hata kidogo. Hapa ujuzi wa nyumbani unakugeuka, kwa hiyo soma maelezo ya kila safu kabla ya kuanza.

Angalia pia majina ya waliojenga. Kuna "Hesawa" na "HESAWA", kuna "Community" na "Commu". Kompyuta inawahesabu kama watu tofauti. Wazee wa Kanda ya Ziwa wanaikumbuka Hesawa, mradi wa maji na afya ulioungwa mkono na Sweden. Unajua ni kitu kimoja, unaunganisha, unaendelea.

Mitego iliyomo humo

Data halisi haiji ikiwa safi. Jaribu kutafuta wastani wa mwaka wa ujenzi wa vituo hivyo. Utapata mwaka 1300 hivi, zama za Kilwa ya masultani!

Nini kimetokea? Zaidi ya mistari 20,000 haina mwaka, na aliyejaza aliweka sifuri. Kompyuta ikajumlisha sifuri zile kama miaka ya kweli.

Vivyo hivyo kwenye ramani. Vituo zaidi ya 1,800 vina longitudo sifuri na latitudo karibu na sifuri. Ukivichora vinatokea baharini, Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana. Sifuri hapo ina maana ya "hatujui".

Mtego wa tatu ni mkubwa zaidi, nao ni wa kukimbilia sababu.

Kwenye data hii, vituo ambavyo watu hawalipi kabisa, vinavyofanya kazi ni chini ya nusu. Pale wanapolipa kila mwezi, takriban theluthi mbili vinafanya kazi. Haraka haraka utaandika: "Kulipia maji kunaokoa visima."

Subiri kwanza. Nani atalipia bomba lililokufa? Huenda kituo kilikufa kwanza, ndipo malipo yakakoma. Faili peke yake haliwezi kukuambia kipi kilitangulia. Ukiandika hivyo kwenye ripoti yako, anayekusaili atajua umefikiri.

Na usisahau tarehe. Mistari mingi ilikusanywa kati ya 2011 na 2013. Usiende kutangaza mtandaoni kwamba kisima cha kijiji fulani kimekufa leo kwa data ya zamani namna hiyo. Andika mwaka wa data juu kabisa ya kazi yako.

Swali dogo lenye uzito

Wengi hushindana kupandisha asilimia za kukisia. Lakini kumbuka, mtu akisema tu "vyote vinafanya kazi", anapata asilimia 54 bila kufikiri. Na modeli ikijifunza kwamba kituo kilichokauka hakifanyi kazi, haijamsaidia yeyote.

Swali zuri zaidi ni hili: vituo vyenye maji ya kutosha lakini havifanyi kazi viko wapi? Vipo maelfu kwenye faili hilo. Maji yapo, lakini kituo kimekufa. Ni pampu za aina gani? Vimejengwa lini? Grafu moja inayojibu hayo kwa mkoa mmoja unaoujua ina faida kuliko modeli kumi za Titanic.

Kama maji si fani yako, jaribu hizi

*Bei za vyakula.* Tovuti ya HDX, inayosimamiwa na Umoja wa Mataifa, ina mafaili ya bei za masokoni kutoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo na nchi nyingine nyingi. Angalia kipimo: kwenye faili la Kenya kuna mahindi ya kilo moja na ya gunia la kilo 90, bei ya rejareja na ya jumla. Ukichanganya, utadhani mahindi yamepanda mara tisini kwa usiku mmoja.

*Mvua na joto.* NASA POWER inakupa hali ya hewa ya kila siku tangu 1981. Unachagua sehemu kwenye ramani, hata shamba la babu, na kupakua faili. Uliza: je, mvua za vuli zinachelewa kweli kama wazee wanavyosema? Kumbuka tu kwamba haya ni makadirio ya setilaiti na hesabu za kompyuta, hayakupimwa kwa kipimamvua kilichowekwa shambani.

*Idadi ya watu.* Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania imeweka wazi matokeo ya sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120. Sensa ya 2012 ilikuwa na watu 44,928,923. Ni wilaya ipi imekua haraka zaidi, na ina shule za kutosha? Kenya nayo ina matokeo ya sensa yake ya 2019.

*Ramani.* OpenStreetMap ni ramani huria ambayo yeyote anaweza kuichora na kuitumia. Dar es Salaam ina mitaa na mitaro mingi iliyochorwa na wanafunzi na wakazi kupitia mradi wa Ramani Huria, kwa ajili ya kukabiliana na mafuriko.

*Wanyama.* Mradi wa Snapshot Serengeti uliweka kamera 225 mbugani, na watu wa kujitolea wakasaidia kutambua wanyama kwenye picha. Simba anatembea saa ngapi? Nyumbu je? Anza na jedwali la majibu, maana picha zenyewe ni nzito mno kwa bando la kawaida.

*Sauti na lugha.* Common Voice ya Mozilla ina sauti za watu wakisoma sentensi za Kiswahili. Ukitaka kompyuta ikuelewe unapoongea, anzia hapo.

*Mashindano ya Afrika.* Zindi ni jukwaa lililoanzishwa Afrika Kusini, lenye mashindano ya data kuhusu matatizo ya bara hili. Hata usiposhinda, unapata data na watu wa kujifunza nao.

Una simu tu? Fanya hivi

1. Andika swali kabla ya kutafuta data. Sentensi moja, kwa Kiswahili cha kawaida. Kama mama yako hawezi kulielewa, lifupishe.

2. Tafuta kwa kutumia Google Dataset Search. Ni sehemu ya Google ya kutafuta data peke yake. Jaribu maneno ya Kiingereza pia, kwa kuwa mafaili mengi yamepewa majina ya Kiingereza.

3. Angalia ukubwa kabla ya kupakua. Faili la sensa la jedwali moja linafunguka kwenye Google Sheets ya simu bila shida. La visima lina mistari mingi, simu itasuasua.

4. Kwa faili kubwa, tumia kompyuta ya mtandaoni. Kaggle na Google Colab zinakuruhusu kuandika na kuendesha programu zako bure ndani ya kivinjari. Kazi nzito inafanyika huko, simu yako inaonyesha majibu tu. Kwa kioo kidogo inachosha, lakini inawezekana.

5. Soma masharti ya matumizi. Data kuwa wazi haimaanishi haina mwenyewe. Nyingi zinakutaka utaje chanzo, nyingine zinakataza biashara.

6. Maliza kitu kidogo. Grafu moja, aya tatu za maelezo, na aya moja ya udhaifu wa data. Kisha weka mahali watu wanaweza kuona.

Tahadhari kuhusu watu

Usikusanye majina, namba za simu au taarifa za kiafya za watu kutoka kwenye magrupu ya WhatsApp ukaziita "data huria". Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022. Ukikuta faili la mtandaoni lenye taarifa za mtu mmoja mmoja zinazoweza kumtambulisha, liache.

Rudi kwenye usaili

Sasa fikiria unaulizwa swali lile lile: "Tuonyeshe kitu ulichokifanya mwenyewe."

Unafungua ramani ya mkoa wenu. Unasema, "Hivi ni vituo vyenye maji ya kutosha ambavyo havikuwa vinafanya kazi wakati data inakusanywa. Hivi niliviondoa kwa sababu vilikuwa vinaonekana baharini. Na hapa kuna jambo ambalo data hii haiwezi kulijibu."

Hapo mazungumzo yameanza. Chagua swali lako leo, na faili litafute kesho.